Gauni la Juni: namna ya kupanga likizo ili uwaone watoto wakikua

Shule zikikaribia kufungwa Juni, wateja wangu hapa Temeke huniuliza mwaka huu nawapeleka wapi watoto. Jibu langu halijabadilika: palepale. Ukimpeleka mtoto kila mwaka mahali papya, macho yote yanaishia kwenye hayo mapya. Ukimrudisha palepale, kilichobadilika ni yeye tu.

Kwetu sisi palepale ni Ushongo, kijiji cha pwani mkoani Tanga, ng'ambo ya Mto Pangani, kwa mama yangu mzazi. Nina watoto watatu: kifungua mimba ni mvulana wa miaka 13, wa kati ni msichana wa miaka 9, na kitinda mimba, msichana pia, ana miaka 5. Kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo naanza na nguo.

Mshonee mtoto gauni moja la likizo, la kitenge kizuri cha pamba, la mikanda ya kufunga mabegani ili mabega yakipanuka lisimbane. Pembeni acha akiba ya sentimita 3 kila upande. Chini ndiko kwenye kazi: acha upindo wa sentimita 12, uukunje kwa ndani mara tatu, kila mkunjo sentimita 4. Shikiza kila mkunjo peke yake, kwa mkono, kwa mishono mirefu inayofumuka kirahisi. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, ila gauni halizihitaji zote, maana nyingine zimo miguuni, shingoni na kichwani. Kila Juni, mkishafika, fumua mkunjo mmoja. Gauni hilo livaliwe hukohuko tu, kisha lioshwe na kubaki sandukuni kwa bibi.

Jua na maji ya chumvi vitapausha sehemu iliyokuwa nje, na ile iliyofichwa itatoka na rangi yake ya dukani. Gauni la binti yangu wa kati lina mistari mitatu sasa. Juu kabisa maua ya kitenge yamefifia hata huyajui kama yalikuwa mekundu, kisha yanakolea, yanakolea, mpaka chini kabisa yanawaka. Huwa nalitandaza mapajani na kupitisha kidole: hapa alikuwa na miaka 6, hapa aling'oka meno ya mbele, hapa alijifunza kupiga mbizi.

Urefu wenyewe tunaupima kwenye mwimo wa mlango wa mama. Pima asubuhi, kwa kuwa jioni mwili huwa umeshuka kidogo. Mtoto awe pekupeku, visigino viguse mwimo, kisha weka kitabu kigumu kichwani, ukingo wake ukae sawa na ubao, ndipo uchore. Na uandike daftarini siku hiyohiyo. Sikufanya hivyo mwanzoni. Siku moja fundi rangi alipaka mlango wote na alama za miaka mitatu zikaenda. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa bahari. Panga safari iangukie mwezi mwandamo au mwezi mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Siku hizo kwenye pwani yetu maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Tokeni saa tatu, mkiyafuata maji yanavyorudi nyuma. Wavae yeboyebo kwa ajili ya miiba. Penye maji waburuze miguu, wasiinue, maana taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, wamtazame palepale alipo, na jiwe wakiligeuza walirudishe. Maji yakianza kugeuka, mnageuka nayo, hakuna cha "kidogo tu mama".

Mwaka huu yalipogeuka nilikuwa nyuma, nimeinama kutoa changarawe kiatuni. Nikafungua kinywa nimwite kifungua mimba awashike wadogo zake. Nikainua macho, tayari amemshika mdogo mkono, ameutoboa mchanga kwa fimbo mbele yao kabla ya kukanyaga, kama babu yake alivyokuwa akifanya. Hakuna aliyemwambia. Nilikifunga kinywa nikawafuata.

Alasiri upepo wa kusi huvuma vizuri, basi ni tiara. Chelewa mbili za ufagio, mfuko mwepesi wa nailoni, uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili, mkia wa matambara. Mpe kila mtoto atengeneze lake, hata likianguka mara kumi. Mgongo wauelekeze kusini.

Ukibahatika mtaona kasa wakianguliwa. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili, na wahifadhi wa kijijini hujua kiota gani kimekaribia, kwa hiyo waulize siku mnayofika. Simameni nyuma ya kiota, pasiwe na tochi wala simu, na msiwabebe kuwapeleka majini. Wafike wenyewe.

Mkunjo wa mwisho wa gauni niliufumua Juni hii. Usiku wa kuondoka nilikaa barazani na mama, taa katikati yetu, nikaukunja upya upindo wote, mara tatu, mama akinitilia uzi kwenye sindano. Kitinda mimba alikuwa amesimama kando, anasubiri kulijaribu.