Jinsi ya kuhakiki habari za mimba, watoto wachanga na chanjo kabla hujaziamini au kuziforwadi

Kabla ya yote, kama mtoto anaumwa sasa hivi, hanyonyi, kalegea, anapumua kwa shida, amepata degedege au ana homa na hajafikisha miezi mitatu, au mjamzito anatoka damu, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, au mtoto tumboni amepunguza kucheza, basi acha kusachi, nenda hospitali. Maelezo haya ni ya ule muda mwingine, usiku umeletewa klipu kwenye grupu, moyo unadunda na kesho ndo siku ya kliniki.

Kitu cha kwanza kujua ni kwamba uongo mwingi wa afya haujatungwa kutoka hewani. Mtu anachukua kitu cha kweli kabisa, utafiti uliochapishwa, takwimu ya serikali, picha ya mtoto aliyeumwa kweli, afu anakikata kipande na kukipa maelezo yake. Ndo maana watu wenye akili zao wanaamini, kwa sababu ukiangalia juujuu unakuta kweli utafiti upo na namba zipo. Kwahiyo kazi yako siyo kubishana na klipu, kazi yako ni kukitafuta kile kitu chenyewe cha mwanzo na kusoma kinasema nini.

Andika dai kwa sentensi moja

Klipu ya dakika kumi inaweza kuwa na madai kumi na tano yanayopita haraka haraka, na ukijaribu kuyashika yote utachoka na mwisho utabaki na woga tu bila kujua unaogopa nini hasa. Chagua moja, liandike. "Chanjo zina sumu" halipimiki, sumu gani, kiasi gani, kwenye chanjo ipi? "Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inasababisha usonji (autism)" hilo linapimika, kwahiyo hilo linaweza kujibiwa. Na kama msemaji hajasema kitu chochote kinachoweza kupimwa hata kimoja, basi hapo hamna habari ya kuhakiki, kuna mtu anakutisha tu.

Toka kwenye ukurasa uliopo, katafute kwingine

Wengi wetu tukitaka kujua kama tovuti ni ya kuaminika tunaisoma tovuti yenyewe, tunaangalia kama imepangwa vizuri, kama kuna mtu kavaa koti jeupe. Hayo yote yanatengenezwa. Waandishi wanaofanya kazi ya kuhakiki habari wanafanya tofauti, wanafungua tabo nyingine na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu huyu mtu. Andika jina lake kwenye Google, uliza ni daktari wa nini, leseni yake ipo au ilifutwa, na anauza nini. Ukikuta chini ya video ya kutisha kuhusu chanjo kuna linki ya virutubisho au kozi ya kulipia, hiyo peke yake haithibitishi kuwa anadanganya ila ongeza umakini.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Andrew Wakefield. Mwaka 1998 alichapisha kwenye jarida la The Lancet makala ya watoto 12, watoto 12 tu, akahusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Mwandishi wa habari Brian Deer akafuatilia akakuta taarifa za watoto kwenye makala hazilingani na mafaili yao ya hospitali, na kwamba Wakefield alikuwa analipwa na mawakili waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Februari 2010 jarida likaifuta makala, Mei mwaka huohuo akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Baadaye watafiti wa Denmark wakafuatilia watoto 657,461, matokeo yakatoka 2019, waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Yote haya unayapata kwa dakika mbili za kusachi jina lake, lakini bado mpaka leo watu wanatumiwa video zake kama vile ni jambo jipya lililofichwa.

Kama klipu imetaja utafiti, tafuta kichwa chake PubMed, tovuti inayoorodhesha tafiti za afya, ni bure. Makala iliyofutwa inakuwa na tangazo juu kabisa. Angalia pia kama ni makala iliyopitiwa na wataalamu wengine au ni rasimu tu, maana tovuti kama medRxiv zinaweka makala ambazo bado hazijapitiwa, na zenyewe zinasema hivyo wazi.

Namba ndo sehemu tunayopigwa zaidi

Hapa naomba usome polepole kwa sababu mfano huu ukiuelewa utakusaidia kwa mengine mengi sana.

Mwaka 2021 ilizunguka dunia nzima kwamba asilimia 82 ya wajawazito waliochanjwa chanjo ya korona mwanzoni mwa ujauzito mimba zao ziliharibika, na chanzo kilitajwa kabisa, New England Journal of Medicine, jarida la heshima. Ukifungua makala unakuta kweli namba zipo. Kulikuwa na mimba 827 zilizokuwa zimeshafika mwisho, yaani mama ameshajifungua au mimba imeshatoka, na kati ya hizo 104 ziliharibika. Pia imeandikwa kuwa 700 kati ya hao 827 walichanjwa kwenye miezi mitatu ya mwisho. Sasa mtu akakaa akatoa 700 kwenye 827 zikabaki 127, akagawa 104 kwa 127, akapata 82. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni alichohesabu.

Fikiria, taarifa zilikusanywa kwa miezi miwili na nusu hivi. Mwanamke aliyechanjwa akiwa na mimba ya wiki nane, ndani ya miezi miwili na nusu hawezi kuwa amejifungua salama, muda haujafika. Kwahiyo mwenye mimba changa kuingia kwenye orodha ya "zilizofika mwisho" karibu njia pekee ni mimba kuharibika, na wale wengine wote ambao mimba zao zinaendelea vizuri hawamo kwenye hizo 127 kabisa! Na walikuwepo, kwenye orodha nzima ya utafiti ule, wajawazito 3,958, zaidi ya elfu moja walichanjwa miezi mitatu ya mwanzo na wengi wao bado walikuwa wanalea mimba. Jarida lenyewe baadaye likarekebisha maelezo, likasema wazi kwamba kwa taarifa zile haikuwezekana kukokotoa kiwango cha mimba kuharibika. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia, wakatoa matokeo ya wajawazito 2,456: hatari ya mimba kuharibika ilikuwa takriban 14 katika kila 100, na wakishasawazisha kwa umri karibu 13, ambacho ni kiwango cha kawaida kilichojulikana hata kabla ya korona.

Kwahiyo ukiona asilimia yoyote uliza maswali mawili, ni kati ya wangapi, na waliobaki wako wapi.

Swali la tatu ni la neno "mara mbili". Oktoba 1995 Uingereza ilitangazwa kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Wanawake wakaacha vidonge kwa hofu. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka takriban 1 katika 7,000 ikawa 2 katika 7,000, na mwaka uliofuata England na Wales zikakadiriwa kuwa na utoaji mimba zaidi ya ilivyotarajiwa kwa kama 13,000, na ujauzito wenyewe unaongeza hatari ya damu kuganda kuliko vile vidonge. Inaniuma kila nikiifikiria kwa sababu hakuna aliyedanganya pale, namba ilikuwa ya kweli ila ilisemwa nusu.

Kilichofuata siyo lazima kiwe kimesababishwa

Watoto wanachanjwa sana kati ya miezi miwili na minne, na huo ndo umri ambao vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini hutokea zaidi, chanjo iwepo isiwepo. Kwahiyo lazima watakuwepo watoto waliofariki siku chache baada ya chanjo, na mzazi aliyepitia hilo hasemi uongo, usimwambie hivyo kamwe. Lakini watafiti walipolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa hawakukuta chanjo inaongeza vifo hivyo. Kilichopunguza ni kumlaza mtoto chali, Marekani walianza kampeni hiyo 1994 na vifo vikashuka karibu nusu.

Hapohapo ndo unaingia mtego wa VAERS, mfumo wa Marekani wa kuripoti matatizo baada ya chanjo. Mtu yeyote anaweza kutuma ripoti, daktari, mzazi, yeyote, na ripoti inapokelewa hata kama haijathibitishwa, kwa makusudi, ili wataalamu waone dalili mapema. Ukiambiwa "VAERS inaonyesha vifo elfu kadhaa" maana yake kuna ripoti elfu kadhaa za watu waliofariki baada ya chanjo kwa sababu yoyote ile. Vilevile karatasi ya ndani ya boksi la chanjo, inaorodhesha mambo mengi yaliyoripotiwa, siyo yote yamethibitika kuwa yanatokana nayo.

Njia nzuri ya kutenganisha sababu ni kulinganisha ndugu. Septemba 2025 iliposemwa Marekani kwamba paracetamol kwa wajawazito inaleta usonji, watu wengi hawakuambiwa kuhusu utafiti wa Sweden wa 2024, watoto karibu milioni 2.5. Wakiwalinganisha wote kwa pamoja kulikuwa na tofauti ndogo sana, wakilinganisha watoto wa mama mmoja, ambaye alitumia kwenye mimba moja na nyingine hakutumia, tofauti ikapotea. Yaani kuna kitu kingine kwenye familia, siyo kidonge. Na mjamzito kukaa na homa kali bila kuitibu nako kuna hatari yake, hilo kwenye klipu halisemwi.

Kipimo kilichotumika kilikuwa cha nini?

Hili dogo lakini muhimu. Kenya 2014 ulienea uvumi mkubwa kwamba chanjo ya pepopunda ina homoni ya kufunga kizazi, na "vipimo vya maabara" vikaonyeshwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaeleza kwamba vifaa vilivyotumika vimetengenezwa kupima sampuli za binadamu kama damu, siyo chanjo, kwahiyo majibu yake hayana maana. Ukionyeshwa karatasi ya maabara uliza sampuli ilikuwa ya nini na kipimo kiliundwa kwa ajili ya nini.

Picha, video na voisi noti

Picha ipitishe Google Lens au TinEye uone ilianza kuonekana lini na wapi, mara nyingi utakuta ni mtoto wa nchi nyingine na ugonjwa mwingine. Video ipige skrini shoti sehemu mbili tatu afu fanya hivyohivyo. Voisi noti haina picha kwahiyo andika sentensi yake moja ya ajabu ukaisachi, pamoja na neno chanjo au mimba. Daktari maarufu akionekana anatangaza dawa, nenda kwenye akaunti yake rasmi uone kama kweli kasema, siku hizi sauti na sura vinaigwa vizuri mno. Na ukiuliza programu ya akili mnemba, omba linki ya chanzo na uifungue mwenyewe, kwa sababu zinaweza kukutajia utafiti ambao haupo.

Tiba za asili zina hila yake, huwezi kumkuta mwongo maana mara nyingi anayekuambia anakupenda kweli. Asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja hapana, inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wake bado haujaweza kuvidhibiti. Miezi sita ya mwanzo anayenyonya hahitaji maji. Mikufu ya shanga za kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) anayovishwa mtoto anayeota meno, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo 2018 baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa na mkufu akiwa amelala. "Ni ya asili" siyo jibu la swali "ni salama kwa umri huu?"

Pa kuanzia

Africa Check, PesaCheck, AFP na Full Fact wameshahakiki madai mengi sana, sachi huko kwanza usipoteze muda. Kwa dawa na kunyonyesha kuna LactMed, inaeleza dawa moja moja inaingiaje kwenye maziwa. Kwa kuona tafiti nyingi zikiwa zimekusanywa pamoja kuna Cochrane. Ukikosa jibu andika dai lako lile la sentensi moja na jina kamili la chanjo au dawa, uende nalo kliniki umuulize nesi au daktari, wanajibu vizuri zaidi ukiwa na swali moja kuliko ukisema "nimesikia chanjo ni mbaya".

Ukitaka kumrekebisha aliyetuma, mfuate inboksi kwanza, usimwaibishe mbele ya grupu. Anza na kilicho kweli, ndo uje kwenye uongo, na usiitume tena ile klipu hata kwa kuikosoa kwa sababu wengine wataiforwadi bila maneno yako. Mama mwenye hofu ana sababu ya kuogopa, ni mtoto wake, mwambie hivyo kabla hujamtumia linki. Na kama ni wewe uliyeisambaza kabla ya kuhakiki, rudi kwenye grupu lilelile, futa kama bado inafutika, sema nilituma ile jana nimeangalia siyo kweli, chanzo hiki hapa.