Mlango wa buti hauhitaji kubamizwa

Wenye IST, Probox na Noah, tafadhali msibamize mlango wa buti. Zile shokapu mbili nyembamba za pembeni zimejazwa gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, na kazi yake ni kuuinua mlango na kuushikilia juu. Ukibamiza, wanaoumia ni bawaba, kitasa na mpira wa kuzuia maji. Vuta taratibu kwa kishikio cha ndani hadi uhisi mlango unaanza kushuka wenyewe, kisha ukandamize kwa kiganja katikati, usawa wa kitasa, mpaka usikie umeshika. Usivute kona moja, unaupinda.

Ukiona mafuta kwenye kile chuma chenye kung'aa kinachoingia na kutoka, au mlango ukishuka ukiuachia, shokapu imekwisha. Asubuhi za baridi, kama za Njombe, huzidi kulegea kwa sababu mgandamizo wa gesi hupungua. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Kuuegemeza mlango kwa fimbo ni kuhatarisha kichwa cha anayepakia mizigo, na mara nyingi huyo ni mtoto uliyemtuma. Ile kuukuu usiitoboe wala kuitia motoni, hupasuka.