Unaanza rotesheni ya fizio wodini? Sema kabla hujamshika mgonjwa

Wengi wakisikia wiki ijayo wanaingia wodini kujifunza fizio, yaani tiba ya viungo, kwa vitendo, wanakimbilia kukariri misuli, inaanzia wapi inaishia wapi na neva gani inaiendesha, sawa ni vizuri, ila mimi nimepita huko kama mwanafunzi na sasa hivi nasimamia wanafunzi, na kinachowakwamisha mara nyingi sio misuli, ni ukimya. Mtu anajua lakini hasemi. Msimamizi hawezi kuona kilichomo kichwani mwako, kwa hiyo unaishia kupewa maksi za mtu asiyejua, au mbaya zaidi unafanya kitu kimyakimya na mgonjwa anaumia.

Maandalizi sitayasemea sana. Jua unapelekwa idara gani, mifupa, neva, watoto au wagonjwa mahututi, kila moja ina mambo yake. Beba goniometa (kile kifaa cha kupimia kiungo kinakunjika nyuzi ngapi), futi ya kupimia, saa yenye mshale wa sekunde na kijidaftari cha mfukoni, kucha fupi, pete vua. Na tafadhali soma ile fomu ya tathmini mwanzoni, wengi wanaifungua wiki ya mwisho wakati hakuna tena cha kurekebisha.

Siku ya kwanza omba dakika 15 na msimamizi wako. Muulize vitu gani unaruhusiwa kufanya mwenyewe, vipi mpaka awepo pembeni, na vipi usiguse kabisa. Na wewe mwambie ukweli, "sijawahi kumsimamisha mgonjwa wa kiharusi", hiyo sio aibu, inamsaidia ajue akae karibu kiasi gani. Mpe na malengo mawili matatu yanayopimika. "Nataka kujifunza mifupa" haitoshi, sema "mwisho wa wiki ya pili nataka nikipima goti kwa goniometa tusipishane zaidi ya nyuzi 5 na wewe".

Sasa kabla ya kila mgonjwa, fungua faili. Operesheni ilikuwa lini, mguu umeruhusiwa kubeba uzito kiasi gani, presha, oksijeni, wingi wa damu, dawa anazotumia. Halafu mwambie msimamizi kwa dakika moja tu, mgonjwa ni nani, tatizo lake nini, unapanga kufanya nini, na ukiona nini utasimamisha zoezi. Hilo la mwisho ndio watu wanalisahau, na ndio kubwa kuliko yote.

Mimi nililijua kwa njia ngumu. Rotesheni yangu ya pili kulikuwa na mama mmoja, siku ya pili baada ya kubadilishwa nyonga, nikaona kwenye faili presha ya asubuhi iko poa basi nikamkalisha na kumsimamisha hapo hapo. Akaanza kutoka jasho, midomo ikapauka, miguu ikalegea, bahati msimamizi alikuwa upande wa pili tukamrudisha kitandani salama. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "ulipanga uone nini ndio usimamishe zoezi?" Sikuwa na jibu, na yule mama alikuwa ananiangalia. Toka siku hiyo napima presha akiwa amelala, akikaa, na ndani ya dakika 3 baada ya kusimama, ile ya juu ikishuka 20 au ya chini 10 naichukulia serious, namrudisha akae na nampa taarifa nesi. Na kabla ya kusimama anakaa ukingoni mwa kitanda kwanza huku anachezesha vifundo vya miguu na mimi namuuliza kama anasikia kizunguzungu.

Kusema huku ni pamoja na mgonjwa mwenyewe. Jitambulishe kwamba wewe ni mwanafunzi, nani anakusimamia, utamshika wapi na kwa nini, vuta pazia, subiri akubali. Akikataa ni haki yake, usinune. Wa kiharusi usimvute mkono uliopooza wala kumnyanyua kwa kwapa, misuli ya bega lile imelegea hailishikilii vizuri, linaumia kirahisi sana. Aliyebadilishwa nyonga kwa kupitia nyuma, mara nyingi anakatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kukunja nne na kugeuza mguu kwa ndani, ila soma maelekezo ya daktari wake aliyempasua, usiende kwa mazoea.

Kuna vitu ukiviona usimalizie hata zoezi lililobaki. Aliyefanyiwa operesheni na kigimbi kimevimba kina joto na kinauma, usikande, inaweza kuwa damu imeganda. Wa mgongo anayekwambia sehemu za siri na makalio zimekufa ganzi au mkojo haumtii, ita msimamizi muda huo huo, hiyo ni dharura.

Maandishi nayo ni kusema. Andika alichosema mgonjwa, ulichopima, unavyoelewa tatizo, na mpango. "Amevumilia mazoezi vizuri" haimwambii kitu mtu wa zamu inayofuata. Andika "ametembea mita 20 kwa woka, msaada wa mtu 1, oksijeni imetoka asilimia 96 hadi 93 ikarudi baada ya dakika 2". Msimamizi asaini siku hiyo hiyo. Masaa yako pia jaza kila siku, Uingereza kwa mfano wanataka yasipungue 1000 mpaka umalize kozi, ukianza kuyakumbuka mwishoni utalia.

Ukitaka kujua unaendeleaje usiulize "nimefanyaje?" maana utajibiwa "vizuri" basi. Uliza kitu kimoja, "nilivyomgeuza yule mzee mikono yangu ilikaa sehemu sahihi?" hapo utaonyeshwa. Na kama msimamizi haonekani, unaachiwa wagonjwa peke yako siku nzima, usivumilie kwa kuogopa maksi, andika tarehe na kilichotokea, mpelekee mwalimu wa chuo anayeratibu. Ni usalama wa mgonjwa huo, sio umbea.

Wiki ya mwisho waambie wagonjwa mapema kwamba unaondoka, hasa wale mliozoeana, na mtajie kila mmoja nani ataendelea naye. Anayepokea mwachie na vile vidogo ambavyo faili halina, kwamba huyu mzee hasikii sikio la kushoto, simama kulia.