Kabla ya Kufungua Tovuti ya Nyaraka za Lugha ya Programu: Mambo ya Kuzingatia

Julai 2016, Stack Overflow, ambayo tayari ilikuwa na umati wa watengenezaji programu waliozoea kujibizana maswali kila siku, ilifungua sehemu mpya ya kukusanya nyaraka za lugha za programu zilizoandikwa na kuhaririwa na watumiaji wenyewe. Agosti 2017 sehemu hiyo ikafungwa. Waandishi walikuwapo kwa wingi, na mitambo ilikuwapo. Kwa maoni yangu, kilichopungua ni kuamua mapema pengo lililotakiwa kuzibwa: kurasa nyingi zilirudia utangulizi ambao nyaraka rasmi zilikwisha kuueleza vizuri, na utaratibu wa kumpa pointi kila aliyegusa mfano uliopigiwa kura uliwavuta watu kwenye marekebisho madogo ya kurasa maarufu, huku mada ngumu zikikosa mwandishi. Kundi lolote linalotaka kujenga tovuti ya namna hii lina sababu ya kulitazama tukio hilo kwa makini, kwa kuwa yapo maamuzi ambayo hayagharimu chochote kabla ya ukurasa wa kwanza kuandikwa, lakini yakiahirishwa hadi mamia ya watu wawe wamekwisha kuchangia, kuyarekebisha huwa karibu na muhali.

La kwanza ni kumtaja msomaji na haja yake kwa maandishi. Daniele Procida, katika mpangilio wake uitwao Diátaxis, hutenganisha aina nne za nyaraka: somo linalomshika mkono anayeanza, mwongozo wa kutimiza kazi fulani, marejeo yanayoorodhesha kila kitu kwa ukamilifu, na ufafanuzi unaoeleza kwa nini mambo yako yalivyo. Si lazima kuufuata mpangilio huo neno kwa neno, ila kuzichanganya aina hizo katika ukurasa mmoja humchosha kila mtu, kwani anayeanza huzama katika orodha ya vigezo asivyovihitaji bado, na mzoefu aliyekuja kuhakiki jambo moja hulazimika kupita maelezo marefu anayoyajua. Iwapo marejeo rasmi ya lugha yenu ni mazuri, nguvu ya jamii itumike kwenye miongozo na mifano. Ikiwa ni dhaifu, ni busara kuyaboresha hukohuko yaliko kuliko kuanzisha tovuti ya pili ya kushindana nayo. Wengi hawapendi kulisikia hili, lakini tovuti mbili zinazopingana humdhuru msomaji kuliko tovuti moja yenye mapungufu.

Leseni inastahili kujadiliwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo isiyosamehe kuchelewa. Kila anayeandika aya ana hakimiliki ya aya hiyo, na kama tovuti haikutamka tangu mwanzo kwamba michango inapokewa kwa masharti gani, siku mtakayotaka kuyabadili masharti au kuchapa kitabu itabidi kumtafuta kila mchangiaji na kuomba ridhaa yake, wakiwemo wale wasiopatikana tena kwa barua pepe waliyojisajilia. Zaidi ya hayo, maandishi na msimbo huhitaji masharti tofauti. MDN, tovuti ya nyaraka za JavaScript na teknolojia nyingine za wavuti iliyoasisiwa na Mozilla, hutoa maandishi yake kwa leseni ya CC BY-SA 2.5, inayomtaka anayenakili amtaje mwandishi na atumie leseni ya aina ileile. Lakini mifano ya msimbo iliyoongezwa tangu tarehe 20 Agosti 2010 iko chini ya CC0, yaani imeachiwa umma. Lugha ya Python nayo, kuanzia nyaraka za toleo la 3.8.6, huruhusu mifano yake itumike pia chini ya aina ya leseni ya BSD ambayo haimtaki mtumiaji hata kubakiza tamko la hakimiliki. Sababu ni ya kiutendaji: mtu anayenakili mistari mitano ili kuiweka katika mfumo wa malipo wa mwajiri wake hapaswi kulazimika kutafuta mwanasheria.

Suala hilohilo lina upande wa pili, nao ni kile ambacho wachangiaji hukileta kutoka kwingine. Jibu lililonakiliwa kutoka Stack Overflow huja na leseni ya CC BY-SA, kwa hiyo haliwezi kuingizwa katika tovuti iliyojitangaza kuwa CC0 bila kuvunja masharti yake. Katazo hilo liandikwe kwa lugha nyepesi kwenye ukurasa wa wachangiaji, na kila anayetuma mchango athibitishe kwamba ni kazi yake mwenyewe.

Baada ya leseni hufuata matoleo na anwani za kurasa. Python 3 ilipotoka Desemba 2008, anwani za nyaraka zilizokuwa zimekwisha kuenea katika vitabu, masomo na majibu ya maswali zilikuwa zikielekea kwenye Python 2, nyingi zikiwa hazina namba ya toleo ndani yake. Ilibidi liandikwe pendekezo rasmi, PEP 430, la kuifanya Python 3 iwe ndiyo inayoonyeshwa kwanza, na lililokuwa gumu humo ni kuhakikisha kwamba viungo vya zamani vinaendelea kumfikisha msomaji kwenye maelezo yaleyale aliyoelekezwa. Kundi linaloanza leo linaweza kuuepuka usumbufu huo kwa kuweka namba ya toleo katika anwani tangu siku ya kwanza, kutenga anwani moja ya kudumu kwa toleo la sasa, kuziambia injini za utafutaji kwamba hiyo ndiyo ya kutangulizwa, na kubandika onyo juu ya kila ukurasa wa toleo lililostaafu. Ndani ya ukurasa, kila kipengele kitajwe kiliingia katika toleo gani na kilibadilika lini. Sphinx, programu ya kutengenezea kurasa za nyaraka, ina alama maalumu za kufanyia kazi hiyo, na msomaji ambaye seva ya ofisini kwake bado inatumia toleo la miaka minne iliyopita huzithamini sana.

Hapa pia ndipo pa kuamua kama wasomaji wataruhusiwa kuweka maoni chini ya kurasa, kama mwongozo wa lugha ya PHP ulivyofanya kwa miaka mingi. Faida yake haikanushiki, kwa kuwa mtu aliyekumbana na tatizo jana huacha ufumbuzi ambao mwandishi rasmi asingeufikiria. Hata hivyo, maoni huzeeka haraka kuliko ukurasa wenyewe. Ushauri uliotegemea mysql_query, fanksheni ya kutuma maombi kwenye hifadhidata, ulikuwa na maana hadi fanksheni za kundi hilo zilipoondolewa katika PHP 7.0 mwaka 2015, na ushauri wa usalama uliopitwa na wakati unaweza kumfungulia mvamizi hifadhidata ya mtu. Mkiyaruhusu, kila maoni yabebe tarehe na namba ya toleo, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kuyafuta bila mjadala mrefu.

Muundo wa faili za maandishi usiwape watu kazi kubwa ya kuchagua, maadamu ni maandishi ya kawaida yanayoweza kuhifadhiwa katika Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili. Nyaraka za Python zilikuwa zikiandikwa kwa LaTeX, lugha ya kupanga maandishi kwa ajili ya kuchapwa, ambayo wachangiaji wengi hawakuijua, na Sphinx, ambayo Georg Brandl aliitoa mwaka 2008, ilizaliwa katika kazi ya kuzihamishia kwenye muundo mwepesi zaidi. Lililo zito ni mifano ya msimbo. Mfano usioendeshwa na mashine huharibika kimyakimya, na hakuna kinachomkatisha tamaa anayejifunza kama kunakili mistari sita kutoka kwenye nyaraka na kupokea kosa asilolielewa. Moduli ya doctest, inayoendesha mifano iliyomo katika nyaraka na kulinganisha matokeo yake na yaliyoandikwa, imekuwamo ndani ya Python tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001. Rustdoc, programu ya nyaraka ya lugha ya Rust, hukusanya mifano iliyomo katika nyaraka na kuiendesha kama majaribio. Mchango ambao mfano wake unashindwa usiingie, awe ameuleta nani. Sharti hili likiwekwa kabla ya ukurasa wa kwanza hakuna anayelilalamikia, bali likiletwa baada ya kurasa mia tatu, wakaguzi watakuwa na mlima wa makosa ya kusafisha kwanza.

Kisha waje watu. MDN ilikuwa wiki, mtu akibonyeza kitufe na kuhariri papo hapo, hadi Desemba 2020 ilipohamia GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, ambako kila badiliko hupitiwa na mkaguzi kabla ya kuingia. Njia ya pili huleta ubora, lakini humtaka mchangiaji ajue Git na humtaka mkaguzi awepo. Kwa hiyo msiichague kabla ya kuwa na majina ya wakaguzi, kila mmoja akiwa na sehemu yake, na ahadi ya muda wa kumjibu anayechangia mara ya kwanza. Mtu ambaye mchango wake wa kwanza umekaa miezi mitatu bila neno harudi tena. Aidha, msitegemee mlezi mmoja: Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, wakiwemo waandishi wa MDN, na mwanzoni mwa 2021 likaundwa kundi la Open Web Docs ili waandishi waendelee kulipwa kutoka mifuko zaidi ya mmoja. Kwa kundi dogo, hii ina maana kwamba jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la kundi na nywila zishikwe na watu wasiopungua wawili. Ada ya seva nayo ijulikane inatoka wapi kwa mwaka mzima ujao.

Kwa wasomaji wanaonunua bando la intaneti kwa siku, kama walivyo wanafunzi wengi wa Tanzania, Kenya na Kongo, tovuti ipangwe iweze kupakuliwa nzima na kusomwa bila mtandao. Python hutoa faili za kupakua za HTML na za maandishi matupu pamoja na ukurasa wa mtandaoni, na jambo hilo ni rahisi iwapo limepangwa mapema. Vivyo hivyo kuhusu tafsiri. PEP 545 ya mwaka 2017, inayosimamia tafsiri za nyaraka za Python, huwataka wafasiri waitoe kazi yao kwa CC0, na haiingizi lugha katika orodha ya kuchagua mpaka ukurasa wa kuripoti makosa, somo zima la utangulizi na ukurasa wa fanksheni za ndani viwe vimetafsiriwa kikamilifu. Kundi la Dar es Salaam au Nairobi linalotaka kufanya hivyo kwa Kiswahili lianze kwa kukubaliana orodha ya istilahi na kuihifadhi pamoja na faili za tafsiri, kisha ligawane sura za somo la utangulizi kabla ya mtu yeyote kugusa kurasa za maktaba.