Kuitambua jenasi ya Hypoxylon kwenye mti mkavu

Hypoxylon ni kuvu wa kwenye mbao. Rangi yake ya nje isikupe jina. Hypoxylon fragiforme ikiwa changa ina uwaridi, ikikomaa inakuwa kama tofali, ikizeeka ni nyeusi tii. Ukiamua kwa macho utahesabu kuvu watatu pale alipo mmoja.

1. Chukua stroma, yaani kibonge cha kuvu kinachobeba spora, iliyokomaa pamoja na gome lake, uandike ni mti gani. Fragiforme, kwa mfano, hukaa hasa kwenye Fagus (mti wa beech).

2. Ikate wima kwa wembe, uitazame kwa lenzi. Peritesia, yaani vyumba vya spora, hupangana safu moja chini ya ukoko. Ukikuta pete juu ya pete ndani ya nyama, hiyo ni Daldinia, jenasi ya jirani.

3. Vaa glavu. Kwangua ukoko kidogo, uutie kwenye tone la haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 juu ya karatasi nyeupe. Fragiforme na Hypoxylon rubiginosum hutoa rangi ya chungwa papo hapo. Andika rangi unayoiona mara moja, maana baadaye hubadilika. Stroma kuukuu hutoa rangi hafifu, kwa hiyo jaribu sehemu mbili tatu kabla ya kusema hakuna. Ikiwa kweli hakuna, fikiria jenasi nyingine, Nemania au Biscogniauxia.

4. Angalia midomo ya peritesia. Mdomo uliozungukwa na kisahani bapa ni wa Annulohypoxylon, jenasi iliyotengwa na Hypoxylon mwaka 2005. Kama peritesia zina ganda la kaboni lakini mdomo ni chuchu tupu, hiyo ni Jackrogersella, jenasi ya 2017. Vitabu vya kabla ya 2005 huziita zote Hypoxylon, hivyo tazama mwaka kabla hujaamini ufunguo wowote wa utambuzi.

5. Sasa spora. Zipime zikiwa kwenye maji: za fragiforme zina urefu wa mikroni 11 hadi 15, kahawia, seli moja, ubavu mmoja umenyooka kuliko mwingine, na mpasuko mwembamba kwa urefu. Kisha ingiza haidroksidi pembeni mwa kioo cha juu, usiondoe jicho: ngozi nyembamba ya nje hubanduka na kuelea kando, tupu, na spora inabaki laini. Ni alama nzuri kuliko zote. Kwa kifuko cha spora tumia Melzer, dawa yenye iodini. Pete ya kileleni hugeuka buluu.

6. Spishi zikikaribiana mno, pima DNA. Kipande cha DNA kiitwacho ITS peke yake hakitoshi, ongeza jeni ya beta-tubulini.