Namna ya kumtegeshea kosa muuaji mwerevu katika tamthilia ya upelelezi

Naandika miswada ya televisheni, na wanaoanza kazi hii huniuliza sana: muuaji akiwa mjanja kweli, anakamatwaje? Wengi humdondoshea kifungo cha shati kando ya maiti. Msifanye hivyo. Mtazamaji huona amedanganywa, maana mtu uliyemsifia akili tangu mwanzo amegeuka mjinga ghafla ili hadithi iishe. Kosa la mwerevu halitokani na uzembe, linatokana na kujua. Anasema au anafanya jambo ambalo mtu asiyejua yaliyotokea asingelifanya.

Nimejifunza hili kwa Columbo, tamthilia ya Marekani ambamo Peter Falk aliigiza Columbo, luteni wa polisi wa Los Angeles mwenye koti la mvua lililochakaa. Muuaji unamwona akiua mwanzoni kabisa. Kinachokufanya usibanduke ni kutaka kujua ameteleza wapi.

Hatua ya 1: Chora mstari katikati ya karatasi

Kushoto andika yote anayoyajua muuaji. Kulia andika anayopaswa kuyajua kama hana hatia. Lililo kushoto na halimo kulia, hapo ndipo pa kutega.

Katika Prescription: Murder, hadithi ya Columbo ya mwaka 1968, daktari wa akili Ray Flemming amemnyonga mkewe, kisha akasafiri na mpenzi wake aliyejifanya ndiye mke. Mpenzi akazusha ugomvi, akashuka kwenye ndege kabla haijaruka, ili ionekane mke amerudi nyumbani kwa hasira. Mpango safi. Lakini Flemming aliporejea aliingia nyumbani kimya, bila kumwita mkewe. Columbo alikuwemo humo ndani, na kimya kile hakikumpita. Kwa nini umwite mtu unayeamini amekufa? Napenda sana kosa hili kwa sababu halishikiki kwa mkono. Ni neno moja tu ambalo halikutamkwa.

Hatua ya 2: Shuka hadi kwenye mazoea ya mwili

Akili hupanga mambo makubwa, mikono hufuata mazoea yake. Katika An Exercise in Fatality ya 1974, Milo Janus, tajiri wa majumba ya mazoezi, anamuua Gene Stafford, anamvalisha nguo za mazoezi na kumlaza chini ya chuma cha kunyanyulia uzito ili ionekane ni ajali. Nguo ni sahihi, mahali ni sahihi. Zimebaki kamba za viatu.

Jaribu sasa hivi. Funga kiatu chako mwenyewe, kisha kaa mkabala na mtoto umfunge na yeye. Viweke viatu viwili sambamba, vidole vielekee upande mmoja, utazame vitanzi: kilicho juu kwenye kiatu chako kimelalia upande mmoja, cha mtoto kimelalia upande wa pili. Viatu vya Stafford vilifungwa na mtu aliyekuwa mbele yake.

Hapo umepata nusu tu, kwa kuwa kamba zinasema amevalishwa, hazisemi na nani. Nusu ya pili aliitoa Janus mwenyewe. Ili ajikinge, alidai Stafford alimpigia simu jioni ile akamwambia ameshabadili nguo, anaanza mazoezi. Kama Stafford hakuvaa nguo zile kwa mikono yake, Janus alijuaje kwamba amezivaa? Ushahidi wake wa kujitetea ndio uliomfunga. Ukiweza kuunganisha hivyo, kitu kimoja cha kushika na kauli moja ya muuaji, umemaliza sehemu ngumu ya kazi.

Hatua ya 3: Lionyeshe mapema, halafu mpe mtazamaji shughuli nyingine

Kosa lazima lionekane kwenye kioo kabla mpelelezi hajalitaja. Likifichwa, umemdhulumu mtazamaji. Usilikazie kamera, lipitishe wakati watu wanagombana au simu inaita.

Hatua ya 4: Mfanye muuaji akimbilie mtego mwenyewe

Mwaka 1974 pia, katika Negative Reaction, Columbo anamwambia mpiga picha Paul Galesko, aliyemuua mkewe na kusingizia ametekwa nyara, kwamba picha ya mkewe aliyefungwa kamba ilisafishwa kinyume, kushoto kukawa kulia, kwa hiyo saa inayoonekana ukutani si saa ya kweli. Galesko anachemka. Hasi, yaani filamu ya asili ya picha ile, imo kwenye kamera, anasema, na itathibitisha kuwa luteni amekosea. Anakwenda kwenye rafu yenye kamera kadhaa na kuchukua ile ile iliyotumika kupiga picha hiyo. Hakuna aliyemwonyesha. Ona alichokichezea Columbo: fahari ya fundi asiyevumilia kuambiwa amekosea katika kazi yake. Kwa hiyo kabla hujaandika tukio la mwisho, jiulize muuaji wako anajivunia nini.

Hatua ya 5: Mpe mtu asome bila kurasa mbili za mwisho

Mwulize muuaji atanaswa kwa lipi. Akijibu mara moja, kosa liko wazi mno, lifiche kidogo. Akishindwa, mpe kurasa zilizobaki na umtazame anavyosoma. Unachokisubiri ni aache kusoma na kurudi nyuma mwenyewe kutafuta ule ukurasa wa viatu.