Somo: Kuwafundisha mameneja kuamua pamoja kwa mchezo wa mtandaoni

Habari za jioni wadau. Niliahidi somo hili tangu kabla ya masika, deni ni deni, leo nalipa.

Kazi yangu hapa Mwanza ni kuwanoa mameneja: wa SACCOS, wa maghala, wa viwanda vya minofu. Zamani uamuzi wa pamoja nilikuwa naufundisha kwa ubao. Watu wanaandika, wanaitikia, wanapata chakula cha mchana, halafu Jumatatu mkubwa anaamua peke yake kama kawaida. Siku hizi natumia uigaji wa mtandaoni: kila mmoja anapewa cheo na habari zake, saa inakwenda, mnaamua, matokeo yanarudi hapo hapo. Mkikosea, hela iliyopotea ni ya bandia.

Hatua ya 1. Chagua mchezo unaofanana na donda lenu

Ipo mingi, mimi nimezoea mitatu. Fishbanks ulibuniwa na Dennis Meadows na unapatikana kwenye tovuti ya shule ya biashara ya MIT, Marekani. Kila timu ni kampuni ya uvuvi. Mnanunua meli, mnaamua ziende maji ya pwani au kina kirefu, na hakuna ajuaye samaki waliobaki ni wangapi. Kila timu ikivuna kwa faida yake, samaki wanakwisha na meli zinabaki vyuma. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa mara mbili. Ziwa letu, Victoria, ni la Tanzania, Uganda na Kenya, na sangara hana pasipoti.

Wa pili ni mchezo wa bia, nao ulizaliwa MIT. Muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaiona oda ya aliye chini yake tu, na mzigo unachelewa kufika. Mteja akiongeza kidogo, kiwandani inafika kama mafuriko. Unawafaa sana watu wa stoo.

Wa tatu, Everest wa Harvard, ni wa kulipia. Watu watano wanapanda mlima, kila mmoja na lengo lake, na hesabu ya mitungi ya oksijeni haipatikani mpaka habari za wote zikutanishwe. Mzuri, ila kwa timu nyingi za hapa mimi natengeneza wa kwangu. Nitaeleza kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2. Vifaa

Simu zinatosha. Nunua bando siku moja kabla, chaji kila kitu usiku.

Hatua ya 3. Gawa habari ili asiwepo anayeweza kuamua peke yake

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanawapa wote karatasi moja, halafu wanashangaa mbona aliyesoma haraka ndiye kaamua.

Mwaka 1985 Stasser na Titus, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba kundi likikaa kujadili hurudia yale ambayo kila mtu anayajua tayari, na lile analolijua mmoja tu hubaki kwake. Kwa hiyo mchezo wako uwe na siri zinazotakiwa kutoka.

Huu wa kwangu naendesha kwa kundi la WhatsApp na fomu ya mtandaoni. Nyinyi ni kampuni ya dagaa, soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza. Mnunuzi kutoka Kongo anataka tani 10 ndani ya siku 7, na mkishindwa kutimiza mnalipa faini. Wote mnajua ghalani kuna tani 6. Kisha kila mmoja napeleka ujumbe wake faraghani:

Meneja ununuzi: visiwani unapata tani 1 kavu kwa siku, lakini giza la kuvulia limebaki siku 3 tu. Mbalamwezi ikianza, mitumbwi inakaa.

Meneja ghala: katika zile tani 6, tani 2 zilinyeshewa zikiwa bado mchangani. Hizo ni chakula cha kuku.

Meneja usafirishaji: lori kubwa liko gereji, lililopo linabeba tani 7.

Meneja fedha: mteja huyu bado ana deni la mzigo uliopita, ila amekubali kutanguliza nusu.

Ukiziunganisha, jibu lipo: nzima 4, mpya 3, jumla 7, na lori ni la 7. Kubali 7, dai nusu kwanza. Mtoto wa darasa la nne anaijumlisha. Dakika 25.

Hatua ya 4. Mkubwa asikae kwenye kiti chake

Mkurugenzi awe meneja ghala, mtu wa ghala awe meneja fedha. Kuna ofisi moja nilimwacha mkurugenzi acheze ukurugenzi. Ujumbe wake wa kwanza: "Mimi naona tuchukue tani 10, ninyi mnaonaje?" Zikashuka alama za dole gumba, nne, chini ya dakika moja. Mchezo ukaishia hapo na vitumbua vilikuwa havijafika.

Hatua ya 5. Waandike, wasiongee

Hata kama wamekaa meza moja. Watalalamika, wavumilie. Faida ya mtandao ipo hapa na ndiyo sababu sitaki kurudi kwenye karatasi: maneno yanabaki, na saa yake pembeni. Ukimuuliza mtu baada ya kikao, kila mmoja atakuambia "mimi nilisema". Kwenye maandishi tunaona alisema nini, dakika ya ngapi, na nani alimjibu. Wewe kaa kimya, hata ukiwaona wanaelekea shimoni.

Hatua ya 6. Mjadala, usiupunguze

Mchezo ukichukua dakika 25, mjadala upewe 50. Usianze na jibu sahihi. Fungua mazungumzo, soma kwa sauti, uliza maswali matatu tu: nani alijua nini, alisema lini, aliyesikia alifanya nini?

Kundi moja lilikubali tani 10. Meneja ghala akaapa kwamba aliwaambia. Tukapanda juu kwenye ujumbe, dakika ya 6: "Samahani wakuu, nadhani kuna mzigo kidogo ulinyeshewa." Hakuna aliyejibu. Ujumbe uliofuata ulikuwa unauliza nani ana namba ya dereva.

Nikawauliza: "kidogo" ni kiasi gani? Akasema tani 2. Theluthi ya ghala! Mezani hapakuwa na anayecheka. Samahani, nadhani, kidogo, labda: hivyo ndivyo tulivyolelewa kusema na wakubwa, na mimi siitukani adabu hiyo. Lakini tani 2 zilikuwa zimefunikwa na kanga ya adabu. Kundi lile likajiwekea sharti lao wenyewe: omba samahani utakavyo, lakini taja kiasi. Na mwenye kiti asifunge hoja kabla hajamuuliza kila mmoja, "wewe una nini ambacho sisi hatuna?"

Hatua ya 7. Rudia baada ya wiki mbili

Badili vyeo, badili tarakimu. Wakikariri "jibu ni 7" utakuwa umefundisha kujumlisha.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nansio: Shikamoo mwalimu. Huku Ukerewe mtandao unakuja na kuondoka. Mtu akipotea katikati ya mchezo tunasimamisha?

Jibu: Marahaba mwanangu. Msisimamishe. Ofisini kwenu meneja akiwa safarini kazi inasimama? Acha tuone kama wenzake watagundua kwamba hayupo, na watatafuta njia gani ya kupata habari zake. Mara mbili nimeona timu ikiamua bila hata kujua kwamba mtu wa fedha alitoweka dakika ya 10. Mjadala wa siku hiyo ulijiendesha wenyewe.

Mdau wa Igoma: Mkuu, asante kwa somo. Mimi bosi wangu amegoma, anasema hawezi kucheza michezo na vijana.

Jibu: Usimwite kwenye mchezo, kaka. Mwombe awe mtazamaji, asome tu mazungumzo bila kuandika. Mmoja alikubali kwa sharti hilo. Baada ya robo saa akanifuata pembeni: "Mbona hawaambiani?" Awamu ya pili aliomba cheo mwenyewe. Ila akikataa hata kutazama, anza na wakuu wa vitengo, usipigane naye.

Mama wa SACCOS, Nyegezi: Fishbanks ni ya Kiingereza na wajumbe wangu wengine Kiingereza ni cha kuombea maji. Na sisi hatuvui samaki, tunakopesha.

Jibu: Dada yangu, mtu mmoja akae kwenye kompyuta kuingiza namba, majadiliano yote yawe Kiswahili. Namba hazina lugha. Kuhusu kukopesha: mfuko wenu wa mikopo ni lile ziwa. Kila afisa akipitisha mikopo ya watu wake ili afikie lengo lake la mwezi, mtavua mpaka lini? Waache wacheze kwanza, hilo wataliona wenyewe mwaka wa tano au wa sita wa mchezo (kila awamu ni mwaka mmoja).

Mdau wa Kisesa: Mbona mambo haya ya WhatsApp yanaweza kuvuja? Mtu wangu wa ghala ataonekana mjinga kazini.

Jibu: Swali zuri, na nilijifunza kwa kuumia, kuna picha ya skrini iliwahi kuzunguka. Sasa nafungua kundi jipya la siku hiyo, naandika vyeo badala ya majina, na mjadala ukiisha tunalifuta wote tukiwa tumekaa pale pale. Sharti hilo lisomwe kabla ya kuanza. Na ukisoma kwa sauti, usianze na ujumbe wa mdogo. Anza na wa mkubwa.

Mdau wa Nansio: Nimeelewa mwalimu. Jumamosi tunaanza, wajumbe sita, mmoja yuko safarini Bukoba.

Jibu: Huyo wa Bukoba mpe ghala.